Inchi Saba za Kuazima

Kiangazi cha mwaka 1952 serikali ya Mwingereza iligundua kwamba maji yetu yana kipimo, na kwamba kipimo hicho hakijaandikwa popote. Tulikuwa tumeyanywa na kuyagawana kwa vizazi vinne bila karatasi, lakini hilo kwao halikuwa kitu. Ikaja barua. Kila mfereji unaochota maji ya mto wetu, huku mlimani juu ya Kisongo, utapimwa. Kibali ni inchi tano. Atakayekutwa amezidisha atazibiwa mdomo wa mfereji hadi inchi tatu, mpaka masika. Inchi tatu, kwa hesabu nitakayoieleza, ni kama robo ya maji tuliyozoea. Kwa robo hiyo migomba ingekauka, na ng'ombe wangekwenda kufia njiani.

Nilijua maana ya inchi kuliko mtu yeyote kijijini, wala sioni haya kusema. Kwa miaka miwili nilikuwa nafanya kazi kwa Amarjit Singh, seremala wa Daraja Mbili, na mbao za kupimia maji ni sisi tuliozikata: ubao mpana, pengo la pembe tatu katikati, bati kwenye kingo. Ubao unakinga mfereji, maji yote yanapita kwenye pengo, nawe unapima kimo chake. Ila hupimi pale kwenye pengo. Maji yakikaribia kuanguka huinama, kama mtu anayeingia mlango mfupi. Unapima hatua mbili nyuma, penye kigingi, yakiwa bado yametulia.

Jioni ya kuamkia kupimwa nilipewa ruhusa nikarudi nyumbani, nikakuta wazee wamekaa. Simel, mkuu wa mfereji wetu, alikuwa ametuma watu kwa wenzetu wa mfereji wa juu, wafunge mdomo wao tangu alfajiri hadi adhuhuri, ili maji yao yaje kwetu.

"Wageni hawawezi kuukuta mfereji wetu umekonda," alisema.

"Mzee, hawaji kuusifu," nikasema. "Wanakuja kupima. Maji yakizidi tunazibwa."

"Umemaliza?"

"Bado."

"Basi malizia kwa mama yako. Mgeni akija kwako, unamletea kibuyu kilichojaa au unamkung'utia matone?"

"Mgeni huyu anakuja na rula, Mzee."

"Basi apate cha kupima."

Wakacheka. Mmoja wao akasema tangu nishike msumeno wa Kalasinga nataka kukata hata maneno ya wazee. Wakacheka tena, wanaume wazima wenye ng'ombe na wajukuu, wakijiandalia njaa kwa heshima zote.

Asubuhi likaja lori. Akashuka Bwana Hollis, Afisa Maji, mwenye soksi ndefu na haraka nyingi. Akafuata karani wake Ndesanjo, mtu wa Machame, amevaa viatu vyeusi vilivyong'aa kuliko akili yake. Mwisho akashuka fundi Amarjit na mbao zake, akaniona, akanitupia nyundo bila salamu. Ndiyo salamu yake.

Tukaukinga mfereji wetu. Kigingi kilikuwa kando ya jiwe kavu, kwa hiyo Ndesanjo alisimama juu ya jiwe akasoma ipasavyo.

"Saba."

Simel akawageukia wazee. "Saba," akarudia, kama mtu anayetaja idadi ya wanawe.

"Kibali yenu ni tano," akasema Bwana Hollis.

Yule asiyejua pengo la pembe tatu atadhani zimezidi inchi mbili tu. Sivyo. Kadiri maji yanavyopanda ndivyo pengo linavyopanuka. Kutoka tano hadi saba maji huzidi mara mbili na ushee. Bwana Hollis aliwaeleza hivyo. Tabasamu za wazee zikashuka moja moja. Simel aliukodolea mfereji macho. Kesho yake, alisema Bwana Hollis, ungeletwa ubao mwingine wenye pengo dogo, upigwe misumari.

Tukateremka hadi mfereji wa shamba la kahawa la mzungu, ambao kibali chake pia kilikuwa inchi tano. Wazee walifuata nyuma. Huo nao tukaukinga kwa ubao. Hapo kigingi kilikuwa katikati ya tope. Ndesanjo aliliangalia tope, akaviangalia viatu vyake, akainama palepale kwenye ubao na kutia rula penye pengo.

"Tano kamili, Bwana."

"Vizuri."

Niliingia kwenye tope mpaka magotini, nikasimamisha ufito wangu wa kupimia kwenye kigingi.

"Sita," nikasema.

"Nani amekuuliza?" akasema Ndesanjo.

"Hakuna. Hata wewe hukuyauliza maji, umeviuliza viatu."

Bwana Hollis akamgeukia Amarjit. Fundi alikuwa anasafisha msumeno kwa kitambaa.

"Kijana amesoma mahali pa kusoma," akasema. "Karani amesoma mahali pa kuanguka."

Bwana Hollis aliingia majini mwenyewe na soksi zake. Akasoma, akafuta kwenye daftari, akaandika sita. Nilijua atakavyofanya. Kwa inchi saba sisi tulikuwa tunazibwa. Kwa inchi sita mzungu mwenye shamba angeandikiwa barua ya kumkumbusha tu. Lakini aliponitazama, alinitazama kama mtu aliyemkuta mbuzi anasoma gazeti.

"Wewe unajua kupima. Ile saba ya kwenu ni kweli?"

Nyuma yake alisimama Simel. Hakutikisa kichwa wala hakukohoa. Alinitazama tu, na nilijua anachotaka: tuzibwe, lakini tuzibwe tukiwa na heshima.

"Kipimo ni kweli, Bwana. Maji si yetu."

"Ya nani?"

"Ya wenzetu wa mfereji wa juu. Wameufunga tangu alfajiri ili ninyi mkute maji mengi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ninyi ni wageni."

Akafikiri kidogo. "Mtu anaazima maji ili aonekane mwizi?"

Ndesanjo akacheka kwa sauti. Nilimwambia afunge kinywa. Wazee wangu ninawadharau mimi, niliyezaliwa kwao. Karani wa viatu hakupewa ruhusa hiyo.

"Mtarudi siku gani?" nikamuuliza Bwana Hollis.

"Hiyo sisemi."

Ubao mdogo haukuletwa kesho yake. Alirudi siku ya nne bila kutangaza, wazee wakiwa hawajui hata kama lori limepita. Akasimama kwenye jiwe, akasoma: inchi tano kasoro robo. Akaandika, akaenda zake. Mdomo wa mfereji ukabaki wazi kama ulivyokuwa.

Jioni ileile Simel aliita kikao. Sheria ya mfereji ni ya zamani kuliko Mwingereza: anayeutia aibu mbele ya wageni hutozwa kondoo dume, na shamba la nyumba yake hukosa zamu kwa siku thelathini.

"Una neno?" akaniuliza.

"Nina swali. Maji yamebaki au hayakubaki?"

"Yamebaki."

"Basi andaeni kisu."

Kondoo nilimchagua mwenyewe, mnono kuliko wote. Walimchoma ukingoni mwa mfereji, maji yakipita miguuni mwao. Zamu ya shamba letu ilikuwa imekatwa. Mama yangu, Nosim, alichukua debe akashuka mtoni kumwagilia maharagwe yake kwa mkono, nami nikabeba la pili nyuma yake. Tulipopita karibu na moto, Simel alinyoosha kipande cha ubavu kilichofungwa kwenye jani la mgomba.

"Chukua, kijana. Ni haki ya aliyetozwa."

"Mpe mgeni wako," nikamwambia, nikaendelea kupanda na debe langu.