Mti wa Phares Wafungwa Bendeji

Phares Okumu alikuwa akitunza bustani ya mhandisi mmoja Mjapani. Mwaka wa 1978 mhandisi huyo alirudi kwao, akamwachia mti wa kwao uitwao mepo, wenye majani kama kiganja kilichopanuliwa, uliopandwa kwenye debe, pamoja na picha ya mepo mzee, mnene, uliodumazwa ndani ya bakuli, wenye kimo cha birika.

Phares aliuweka mlangoni kwake Shauri Moyo. Kwa kuwa huku hakuna baridi kali ya kuulaza usingizi, mti ulikua tu, ukapita dirisha. Akaamua kuuotesha mizizi juu, katikati ya shina, kisha aukate hapo awe na mti mfupi. Alimenya gome kuzunguka shina, akalifunika kwa kuvumwani, majani laini kama sufi yaotayo kwenye mawe ya mtoni, akafunga kwa nailoni na kamba.

Mwanasiti, jirani yake muuza mahamri, alisimama na karai lake.

"Baba Amolo, amevunjika wapi?"

"Nani?" Phares akauliza.

"Mgonjwa wako huyo."

Miezi miwili baadaye Phares alifungua. Hakukuwa na mzizi hata mmoja. Gome lilikuwa limeungana tena.

"Si amepona!" Mwanasiti akasema. "Hebu na goti langu, daktari."

Phares alicheka, ingawa utani ulimuuma. Alijua kosa lake: alimenya kijistari chembamba mno. Safari hii alimenya upana wa vidole viwili, akakwangua mpaka mti mweupe ukaonekana, akafunga upya. Wiki hiyohiyo akaitwa Siaya, mamake anaugua.

"Nenda kamuuguze mama," Mwanasiti alimwambia. "Huyu wa huku niachie mimi." Phares akamwagiza aunyunyizie maji mara moja kwa wiki.

Mama alipopata nafuu, Phares alirudi, wiki ya saba. Mwanasiti alimpokea amenuna.

"Pole, Baba Amolo. Njoo mwenyewe uone."

Phares akaukimbilia mti, akafungua kamba. Ndani ya nailoni mizizi myeupe ilikuwa imesongamana.

"Nilimpa maji kwa kijiko kila asubuhi," Mwanasiti akasema, sasa akicheka.

"Nilikwambia mara moja kwa wiki!"

"Kwani wewe umewahi kuotesha mzizi?"

Phares akachukua msumeno. Alikata shina chini ya mizizi, akapanda kile kipande kifupi cha juu kwenye bakuli la udongo alilolitoboa. Baada ya siku nne majani yote yakapukutika.

Mwanasiti alikuja na sahani ya mahamri, akaketi kizingitini. "Tumekuja matanga," akaanza. Alipouona uso wa Phares aliacha utani, akamsogezea sahani. Wakala. Kisha Phares akakwaruza gome kwa ukucha. Chini yake palikuwa na rangi ya kijani: mti ungali hai.

Siku ya kumi na moja alimgongea Mwanasiti mlango kabla hajawasha jiko. Mwanasiti alitoka na unga mikononi, akainama juu ya bakuli. Vichipukizi vyekundu, vidogo kama punje za mtama, vilikuwa vimejaa matawini. Akakigusa kimoja kwa kidole.

"Miezi yote ile, kwa haka kamti?"

"Kwa haka."

"Basi nifanyie na mimi," Mwanasiti akasema. "Ila wangu uwe mrefu kidogo."