Kiti cha Mama Ramani

Kwa miaka thelathini na minane Mama Ramani alikalia kiti kile kile, na asikudanganye mtu, hakukipata kwa kubembeleza. Alikuwa mwanamke wa kwanza mwenye shahada ya jiografia katika ofisi ya ramani, na wakubwa, wasijue wamfanye nini, wakampa kazi ya kumimina chai. Haya, akamimina. Siku moja akiweka kikombe mezani kwa bosi, akaitupia jicho picha iliyopigwa kutoka kwenye ndege na ramani iliyochorwa kutokana nayo, akasema kwa adabu zake zote, "Mzee, mto wako unapanda mlima."

Bosi alikuwa ameilaza picha kichwa chini. Vivuli vikielekea mbali na mtazamaji, macho hudanganyika, bonde likaonekana kilima na kilima bonde. Mzee akanywa chai yake yote, kisha akasimama, akavuta kiti. "Kaa hapa," akasema. Kisa hicho Mama Ramani alimsimulia kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake, hadi wengine wakawa wanammalizia.

Asubuhi hii alikuwa na siri. Jicho lake la kushoto lilikuwa limezima miezi mitatu iliyopita, na hakumwambia mtu. Kazi yenyewe ilitaka macho mawili: picha mbili za setilaiti za sehemu moja, zilizopigwa kutoka pande tofauti, unaziweka chini ya lenzi mbili, na ardhi inaumuka mbele yako kama unga wa mkate. Kwa jicho moja inabaki bapa. Kwa hiyo alikuwa akibahatisha kwa vivuli tu. Na mchana huu wahandisi walingojea ramani ya kuonyesha mwinuko wa kuzihamishia familia mia mbili zilizokumbwa na mafuriko. Akisema ukweli, kwaheri kiti. Akapiga moyo konde, akachora, akatia sahihi.

"Chai, Mwalimu." Alikuwa mkuu wa ofisi, mwanafunzi wake wa zamani, kaleta kikombe mwenyewe kama kawaida yake. Akaiangalia ramani. Akainama akaziangalia picha kwenye lenzi. Akairudia ramani.

"Mwalimu," akasema, "mto wako unapanda mlima."

Uso ukamwaka moto Mama Ramani. Picha zilikuwa kichwa chini! Siku zote macho mawili yalimkinga na kosa hilo. Leo nusura awalaze watoto wa watu bondeni. Akanywa chai yake yote, bila haraka. Kisha akaichana ile ramani vipande viwili, akasimama, akavuta kiti.

"Jicho la kushoto halioni, mwanangu. Kaa hapa."

Mkuu akakaa. Machozi yalikuwa yakimlengalenga, akayafuta haraka kwa kiganja, maana alifundishwa na huyu huyu kwamba lenzi hazitaki maji. Alipomwona Mwalimu akigeukia mlango, akanyoosha mguu, akakivuta kiti cha wageni mpaka kikagusana na chake.

"Na wewe unakwenda wapi? Mimi nitakwambia kilichoinuka, wewe utaniambia ni nini. Lenzi hazinionyeshi hilo."

Mama Ramani akabaki amesimama kidogo, akijifanya anatafuta miwani.

"Geuza picha kwanza," akasema, akakaa.