Ushanga Puani

Mwalimu aliondoka saa mbili kasorobo, viatu vimeshikwa mkononi ili visisikike sakafuni.

"Bonge akiamka akaniona natoka, hatatoka shingoni," alinong'ona mlangoni. "Usaili wenyewe ni nusu saa. Saa nne na nusu nimerudi. Maziwa yako kwenye friji, mkate umekatwa. Atalia kidogo, usijali."

Fundi akasema hajali. Mlango ulipofungwa ndipo akaanza kujali.

Kila mtu alimwita Fundi, hata mumewe, kwa kuwa mwaka wa kumi na tano huu alikuwa akitengeneza miwani. Alisaga lenzi, akanyoosha fremu zilizokaliwa na wenyewe, akakaza skrubu ambazo ukipiga chafya huzioni tena. Wateja walisifu utulivu wa mikono yake. Asubuhi ile, katika sebule ya Mwalimu, shoga yake wa tangu darasa la tatu, mikono hiyohiyo haikujua ikae wapi. Aliiweka mapajani, akaitoa. Alisimama, akaenda dirishani, akarudi, akapanga mito ya kochi iliyokwisha kupangwa, akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu.

Haikuwa mara yake ya kwanza kufika pale, ila ilikuwa mara ya kwanza kuachiwa watoto. Kila alipokuja kutembea alikuta nyumba imetulia mno na watoto wamepelekwa kwa jirani kucheza. Hakuna aliyemweleza kwa nini, naye hakuuliza. Yeye na mumewe walihangaika miaka tisa kutafuta mtoto, kisha wakaacha kuhangaika, wakaendelea kupendana. Lakini watu hawakuacha. Walimwangalia kama mtu aliyetoka msibani jana.

"Umekaa kwenye kiti cha baba," ilisema sauti nyuma yake.

Alikuwa binti mkubwa, miaka sita, aliyepewa jina la Hakimu nyumbani kwao kwa sababu hakuna kosa lililompita. Baba yao aliendesha malori ya masafa na wiki hiyo alikuwa safarini, lakini kiti kilikuwa na mlinzi.

Fundi akahama kiti.

"Mama amesema tukuite mama mdogo," Hakimu akaendelea. "Mama mdogo maana yake una mtoto mdogo?"

"Hapana. Maana yake mimi ni kama mdogo wake mama yako."

"Mtoto wako yuko wapi?"

"Sina."

Hakimu alifikiri. "Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Unataka mkate?"

Bonge, mdogo wake Hakimu, aliamka saa tatu, miaka mitatu ya nyama tupu na sauti. Alipoona sura isiyo ya mama yake alilia, tena si kidogo. Fundi alimbeba akazunguka naye sebuleni, jikoni, ukumbini, sebuleni tena. Akimkalisha, kilio kinapanda, akitembea, kinashuka. Kwa hiyo alitembea. Ilipofika saa nne alikuwa amejua vigae vyote vya nyumba ile, na kipi kimepasuka.

Saa nne na nusu hakuna mtu. Akapiga simu, haipatikani. Akajiambia usaili umechelewa kuanza. Saa tano akapiga tena. Bonge alikuwa amenyamaza hatimaye, yuko chini ya meza na dada yake na kopo la shanga, naye Fundi anasimama dirishani, anatazama njia, anahesabu vichwa viwili chini ya meza, anarudi dirishani. Angejua la kufanya na skrubu iliyopotea, lakini si na mtu mzima asiyepokea simu.

"Mama mdogo," akasema Hakimu, kwa upole usio wake. "Bonge ameweka ushanga puani."

Fundi alipiga magoti. Bonge alimwangalia kwa fahari. Ndani ya tundu la kushoto kitu cha bluu kilimetameta, mbali kuliko alivyotaka.

Mkoba wake ulikuwa na kibano chembamba cha kazi. Aliutazama mkoba, akaliacha wazo hilo. Kitu cha mviringo, laini, ukikigusa na kibano hakishikiki, hukimbilia ndani. Alilijua hilo vidoleni mwake. Akapiga simu ya tatu. Haipatikani.

"Nani amemwambia aweke?"

Hakimu alitazama sakafu. "Nilimuuliza tu kama utaenea."

Fundi hakuwa na nafasi ya kugomba. Alimbeba Bonge, akamshika Hakimu mkono, wakashuka ngazi ghorofa tatu, ndara moja ya Hakimu ikabaki njiani na hakuna aliyeirudia. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la dawa. Magari yalipita bila huruma. Fundi alimshika Bonge mikono asijichokonoe, moyo ukimwenda mbio kana kwamba ni yeye aliyezibwa pumzi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, watu walipenda kumwambia. Basi huu wa kwake uitweje?

Dukani kulikuwa na foleni. Fundi, aliyekuwa mtu wa kungoja zamu, alipita mbele ya wote.

Mfamasia, mama mnene mwenye miwani iliyopinda upande mmoja, alimulika pua kwa tochi ya simu.

"Anapumua vizuri. Usimguse na kitu. Mama, utafanya hivi: ziba kwa kidole tundu hili la kulia lisilo na kitu, weka mdomo wako juu ya mdomo wake, pulizia mara moja, kwa haraka. Ushanga utatoka wenyewe. Ukigoma kutoka, mpeleke hospitali."

"Mimi si mama yake."

"Mama yake yuko wapi?"

"Simu haipatikani."

"Basi fanya wewe. Mimi hanijui kabisa, atanitafuna."

Walimkalisha juu ya kaunta. Fundi aliinama. Bonge alibana midomo, akageuza uso, akaanza kuvuta pumzi ya kilio kwa pua, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Asilie," akasema mfamasia.

Hakimu alipanda kwenye ndoo iliyokuwa pembeni, akamfikia mdogo wake usoni. "Bonge, wewe ni puto. Mama mdogo anajaza puto. Puto linafungua mdomo."

Bonge akatafakari. Kisha akafungua mdomo.

Mara ya kwanza Fundi alipuliza kwa woga, ikatoka pumzi tu. Mtoto akacheka mdomoni mwake, pumzi ya joto yenye harufu ya maziwa. Mara ya pili alipuliza kama mtu anayewasha jiko kwa hasira. Ushanga ulimpiga shavuni pamoja na kamasi lake lote, ukaanguka juu ya kaunta, na mzee aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni akasema, "Haya, sasa dawa yangu ya presha."

Fundi alitaka kucheka. Badala yake alimshusha Hakimu, akakaa kwenye ile ndoo.

Mwalimu alirudi saa saba kasorobo. Fundi alimvutia jikoni, akasukuma mlango, akamweleza yote kwa sauti ya chini. Mwalimu alienda kumulika pua ya mwanawe mara mbili, ndipo akarudi.

"Ulikuwa wapi?"

"Usaili ulikwisha saa nne. Wamesema watanipigia." Mwalimu aliegemea friji. "Nikakaa kwenye benchi, nikazima simu. Miaka sita sijakaa mahali bila kuitwa. Nikasema dakika kumi."

"Zikawa saa mbili na zaidi."

"Najua."

"Mimi nimezunguka nyumba hii kama mwendawazimu, nawe umekaa kwenye benchi."

"Nisamehe, shoga yangu."

Fundi aliosha kikombe kilichokuwa kisafi. "Mbona hujawahi kuniachia watoto hata siku moja?"

Mwalimu alifunga bomba la maji. "Niliogopa kukutonesha."

"Nani alikuambia kuna kidonda?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilijiambia mwenyewe." Akaongeza, kwa kuwa hawakuzoea kudanganyana, "Na leo nimekuomba kwa sababu jirani kasafiri."

"Nilijua hilo. Wakikupigia simu wakikupa hiyo kazi, utamwomba nani?"

"Utakubali?"

"Sijui," Fundi alisema, na ilikuwa kweli. "Niulize. Usinijibie."

Mchana Fundi alifungua duka lake la miwani, akakaa mezani, akasimama. Lenzi ya kwanza aliisaga vibaya, akaitupa. Saa tisa alipiga simu kuuliza kama pua imetoa damu. Mwalimu akasema haijatoa, Bonge amelala fofofo.

Saa kumi akapiga tena. Alipokea Hakimu.

"Bado amelala," akasema. "Mama mdogo, unapiga sana."