Gari Halitoki Bila Nyekundu

Msimamizi wa chumba cha mitambo ya umeme aliiamini skrini yake kuliko ndugu wa tumbo moja. Kila transfoma mjini ilifungwa kisanduku kinachomtumia habari kwa mawimbi, bila waya: umeme ukiwapo, kijani, ukikatika, nyekundu. Naye akaweka sheria: gari la mafundi halitoki bila nyekundu. Mambo ya kujuana yakome.

Saa nane mchana mkewe akapiga simu. "Baba Pacha, umeme hakuna. Mashine ya mama ya hewa imezimika, na mtungi wa akiba una nusu saa tu."

Akatazama. Kijani. "Mbona huku inaonyesha upo?" neno likamtoka kwa mazoea.

"Basi ilete hiyo skrini yako mama aipumue."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Alijua papo hapo: waya umekatika baada ya transfoma, na kisanduku hakioni yanayotokea huko mbele. Wateja wangapi walimlilia hivyo hivyo akawaona waongo? Akampigia kiongozi wa mafundi, waliyemwita Nyundo.

"Bosi, kwangu kijani," Nyundo alisema. "Mwezi uliopita nilikwenda kwa shangazi yangu bila nyekundu, ukanipa barua ya onyo. Ya pili nafukuzwa."

"Nakuomba, ndugu yangu. Ni mama."

"Na yule alikuwa shangazi. Nipe nyekundu, nitoke."

Nyundo hakuwa na roho mbaya; alikuwa na woga, na woga huo aliupandikiza bosi mwenyewe.

Basi maji yakamfika shingoni. Akabofya, amri ikaruka kwa mawimbi hadi kwenye swichi ya njia nzima, maana transfoma moja haina swichi yake, mitaa kumi na miwili ikazimika kwa mpigo. Skrini ikawa nyekundu tupu. Nyundo akatoka mbio moja kwa moja hadi mtaa wa mama, na baada ya dakika kumi alikuwa juu ya nguzo, mikono kwenye waya.

Hapo simu ya wateja ikaita. Mwanamke: yuko zahanati, mwanawe wa mwezi mmoja yuko kwenye mashine ya hewa, jenereta imegoma. "Washeni, baba, nawasihi."

Kuwasha ni kumuua Nyundo. Na kudanganya, siku hiyo, alishindwa.

"Nimezima mimi, dada. Mama yangu anakata roho. Fundi yuko juu ya nguzo, siwezi kuwasha."

Kisha yule mwanamke akauliza, polepole, "Na huyu wangu si mtu?"