Ekseli ya Kaka Chun-te

Kaka yangu Chun-te alikereza vyuma kiwandani kwa miaka thelathini, na mji mzima wa Changhua hakuna aliyemfikia kwa kuandaa magari madogo ya chuma ya mashindano, yale yanayoenea kiganjani. Magari hayo hayana injini. Unayaachia juu ya njia ya plastiki, yanateremka yenyewe. Ushindi wote uko kwenye magurudumu. Kaka aliyasugua mpaka yakang'aa, akayatia unga wa penseli yazunguke kwa ulaini, kisha akaliviringisha gari juu ya kioo kuona kama linavuta upande.

Mimi, Mei-chih, nilikuwa wa pili miaka sita mfululizo.

"Bibi Wa Pili huyo!" kaka alikuwa akinipokea mbele ya watu. "Mpeni kiti, amechoka kunifukuzia."

Nilicheka nao. Moyoni nilikuwa naungua.

Asubuhi ya fainali alinikabidhi gari lake. "Hebu nitazamie, mdogo wangu. Miwani nimeisahau nyumbani."

Nikaliviringisha kiooni. Likavuta kushoto, kidogo tu. Ekseli ya mbele, kile kijichuma kinachoshika magurudumu, ilikuwa imepinda kiasi cha unywele. Koleo la kuinyooshea lilikuwa mfukoni mwangu.

"Liko sawa, kaka."

Kwenye kona ya pili lilikwaruza ukingo, likapoteza mwendo. Langu likapita. Chun-te alinipigia makofi kuliko watu wote.

Siku ya tatu akaja kwangu na sanduku lake la vifaa.

"Nimeliangalia kwa miwani," alisema. "Ekseli niliipindisha mwenyewe wakati naichomeka, na vidole havikuniambia kitu. Wewe kutoona si neno, wewe si fundi wa vyuma. Lakini mimi? Basi, nimekwisha, sishindani tena. Chukua vifaa hivi."

Nilipaswa kusema palepale. Nikapokea sanduku.

Niliposema, miaka miwili ilikuwa imepita. Tulikuwa jikoni kwake, akimenya mapera.

"Kaka, siku ile niliona."

Kisu kikasimama. "Uliona nini?"

"Ekseli."

Alikiweka kisu mezani. "Si ungesema tu? Tungeinyoosha dakika moja, nikutanie, tukashindane."

"Nilitaka kushinda."

"Ulishinda."

Nikamwomba arudi mashindanoni Jumapili. Akasema amezoea kupumzika siku hiyo, akanisogezea sahani, na tukala mapera.