Madigadi ya Mjomba

Gereji nzima ilimwita Kinyaa, na hakuna aliyeona haja ya kumtafutia jina jingine. Alikuwa fundi wa malori asiyeweza kuvumilia uchafu, na kama kuna mtu aliyekosea kuchagua kazi duniani, basi ni yeye. Kikombe chake cha chai kilikuwa na kifuniko na kilifungiwa kabatini pamoja na kipande chake cha sabuni. Ukimpa mkono aliupokea kwa heshima zote, kisha hapo hapo akageuka kwenda bombani. Wenzake walishazoea. Wengine walimpa mkono makusudi, mmoja akitoka mwingine anaingia, wapate kumcheka anavyokwenda na kurudi kama mtu anayeendeshwa na tumbo.

Mkono mmoja tu ndio ambao hakuwahi kuushika akaenda kunawa. Ulikuwa mkono wa mjomba wake, mwenye gereji na mwenye malori manne ya kubeba mizigo mizito: matingatinga, mashine za kusaga kokoto, matangi ya viwandani. Mama yake Kinyaa alipofariki, mtoto akiwa hata kamasi hajui kupenga, mkono huo ndio uliomlisha, ukamwogesha, ukamfunga kamba za viatu. Ulikuwa mpana, wenye vidole vifupi vinene, na kwa Kinyaa ulikuwa safi hata ukiwa umelowa grisi.

Sasa, mke wa Kinyaa alikuwa mshonaji wa sare za shule. Siku moja alikuwa kwenye baiskeli yake, amefunga furushi la sare nyuma, na mbele yake linakwenda lori la Mjomba limebeba tingatinga. Magurudumu ya nyuma ya lori yalikuwa uchi. Madigadi yake ya bati, yale mabawa ya kufunika matairi, yalishaoza zamani, yakang'olewa, na hakuna aliyejisumbua kuweka mengine. Jiwe lililonasa katikati ya matairi pacha likachomoka. Halikuwa kubwa, lingeenea kwenye kiganja cha mtoto. Likampiga usoni, na jicho la kushoto likaenda.

Mjomba alilia hospitalini, tena kilio cha kweli, mpaka muuguzi akamletea kiti. Alishika mkono wa mgonjwa akasema mbele ya kila mtu, "Mwanangu, kwa jina la marehemu dada yangu, malori yangu yote yatavaa madigadi. Hakuna mtu mwingine atakayeumia nyuma ya gari langu."

Mke wa Kinyaa aliyashika maneno hayo akakaa nayo. Alijifunza upya kutunga uzi kwenye sindano, kichwa amekiinamisha upande kama kuku anayeitazama punje. Majirani walipomuuliza kuhusu madigadi aliwajibu kuwa mjomba si mtu wa maneno ya rejareja. Kinyaa naye aliamini. Kila akikumbusha aliambiwa kesho, na kesho ya Mjomba ilikuwa ndefu, lakini aliamini.

Ndiyo maana moyo ulimruka siku Mjomba alipompigia honi nje ya gereji akasema, "Panda. Twende dukani ukachague madigadi."

Muuza duka aliwapokea akiwa anajichokonoa sikio kwa ufunguo. Akautoa, akakitazama ulichoambulia, kisha kwa ufunguo ule ule akagonga digadi moja lililong'aa kama kioo. "Hili ndilo la mabosi," alisema. "Gonga usikie." Kinyaa hakugonga. Alitoa kitambaa mfukoni, akalishika digadi kwa kitambaa, akalikunja ukingoni. Plastiki ikaweka mstari mweupe.

"Hili limeshaanza kuvunjika na hata barabara halijaiona," alisema.

Alichagua kwa muda mrefu, Mjomba akimsubiri bila kunung'unika. Mengine yalikuwa membamba, yakitikiswa yanapiga kelele kama sinia. Mengine yalinuka mpira uliochomwa. Mwishoni alikuta meusi yasiyong'aa, mazito, kingo zake zimekunjwa kwa ndani. Alilikunja moja kwa nguvu zake zote, na alipoliachia likarudi kama lilivyokuwa, bila alama.

"Haya, mjomba. Lakini bei yake..."

"Nimekuuliza bei?" Mjomba alimpiga bega. "Pakia seti moja. Tuanze na moja. Malori yote manne ni pacha, vipimo ni vile vile."

Kinyaa alipakia huku akitabasamu. Njiani hakuwaza hata kidogo kwa nini mtu ataje vipimo vya malori manne kwa seti moja.

Kazi ya kwanza ilikuwa kusafisha, na hapo ndipo alipokiona cha moto. Chini ya lori, juu ya magurudumu ya nyuma, tope la miaka lilikuwa limegandana na grisi likawa gumu kama mwamba, na ndani ya tope kila kitu ambacho barabara hukitema: manyoya ya kuku, nepi ya mtoto, panya aliyekauka akabaki meno, na kitu kimoja chenye majimaji ambacho Kinyaa alikataa kabisa kukitambua. Alikwangua akiwa amefunga pua kwa kitambaa. Alitapika mara moja, akanawa, akarudi. Dereva wa lori lile, bwana mmoja waliyemwita Honi kwa kuwa hakujua kusema taratibu, alikuja kumtazama.

"Kinyaa! Leo umeamua kufa?"

"Leo hata ungeniambia nilale humo, ningelala," Kinyaa alijibu. Na alisema kweli.

Alimtuma Honi akalipakie lori tingatinga ndipo apime. Ukipima lori likiwa tupu, springi zimenyanyuka, unaona nafasi tele. Ukilibebesha linakaa chini, tairi linapanda na kulila digadi mpaka moshi utoke. Alisubiri mzigo, akaacha nafasi ya ngumi yake nzima kati ya tairi na plastiki. Vishikio vya chuma alivifunga kwenye matundu yaliyokuwapo tayari kwenye chesisi, ule uti wa chuma wa lori, maana kuitoboa upya ni kuitafutia ufa. Nyuma ya kila digadi alining'iniza ulimi wa mpira wa kuzuia mawe. Alikuwa ameshika spana kukaza bolti ya kwanza aliposikia viatu vya Mjomba.

Mjomba alimmwagia kiganjani nati ndogo zenye mbawa. "Tumia hizi. Nati za masikio, za kukaza kwa vidole."

"Hizi zitaachia kwenye shimo la kwanza, mjomba."

"Shimo gani? Haziendi kwenye mashimo." Mjomba alichuchumaa karibu yake, akashusha sauti, sauti ile ile aliyokuwa akimsimulia nayo hadithi utotoni. "Kesho kuna ukaguzi wa magari. Lori hili linakwenda, linapita, linarudi. Unayachomoa fasta, unayavalisha la pili. Likirudi, la tatu, halafu la nne. Mkaguzi haandiki sura ya digadi."

"Halafu?"

"Halafu yanaingia stoo mpaka ukaguzi ujao. Madigadi mazuri hivi uyapeleke kwenye matope yakachubuke?"

Kinyaa alihisi kitu kikimpanda kifuani, na hakikuwa cha panya wala cha nepi. "Mjomba, si uliahidi? Hospitalini. Kwa jina la mama yangu."

"Na ninatimiza. Nilisema malori yote yatavaa. Si yatavaa? Sikusema yatalala nayo." Akacheka, akamfinya shavu kama alivyozoea.

Walikuwa hapo hapo mke wa Kinyaa alipoingia getini. Alikuwa amemletea mumewe ovaroli aliyomshonea upya mifuko. Aliyaona madigadi akasimama. Kisha akaenda moja kwa moja hadi kwenye gurudumu, akageuza uso wote ili jicho zima lipate kuona, akapitisha kiganja juu ya ile plastiki nyeusi kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Ndiyo yenyewe?" aliuliza. Alimgeukia Mjomba, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mjomba. Mungu akuzidishie. Watu wamenisema sana. Wananiambia huyo ameshasahau, nami nawajibu, mnayemsema hamumjui."

Kinyaa alimtazama mjomba wake akitegemea angalau atazame chini. Mjomba hakutazama chini. Aliupokea mkono wa yule mwanamke kwa mikono yake yote miwili. "Marahaba, mwanangu. Mimi nikisema nimesema," alisema, na machozi yakamlengalenga. Hilo ndilo lililomchefua Kinyaa kuliko yote. Angekuwa anaigiza, mtu angeelewa. Lakini mzee alikuwa anazinywa zile shukrani kwa raha zake, anazimung'unya, anazimeza. Alijipenda wakati ule kwa jambo ambalo hakulifanya na hakuwa na nia ya kulifanya. Kinyaa alitamani amwambie mkewe akanawe mikono.

Mke alipoondoka, Mjomba alikwenda kula. "Nikirudi nikute masikio yote yamekaa," alisema.

Kinyaa alizitazama zile nati. Alizimwaga kwenye pipa la taka, akaenda kuchukua mashine ya kuchomelea. Alipitisha bolti nene, penye vishikio na penye madigadi, vichwa vyake kwa ndani, akakaza nati mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, kisha akaichomelea kila nati kwenye bolti yake, plastiki akiikinga kwa kitambaa cha maji na kipande cha bati. Zilizotokeza alizisaga zikawa mviringo, spana isipate pa kushika. Sasa hakukuwa na njia ya kuzifikia bolti bila kupita kwenye plastiki yenyewe. Alizipaka rangi nyeusi, na Mjomba aliporudi ameshiba, akichokonoa meno, alitazama kwa mbali akasema safi sana.

Jioni nyumbani Kinyaa alimweleza mkewe yote. Aliona haya kusema, kana kwamba mwongo ni yeye. Mwanamke hakuacha kushona. Alifika mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Kesho nitakuja," alisema, basi.

Asubuhi lori lilikwenda kukaguliwa likapita. Honi alirudi akipiga kelele tangu getini, "Limepita! Mkaguzi kayasifia madigadi!" Mjomba alikuwa ameshalipanga lori la pili tayari, kifuniko cha injini wazi. Alipiga magoti mwenyewe kwenye gurudumu, akaingiza vidole, akapapasa.

"Masikio yako wapi?"

"Sikuyaweka, mjomba," Kinyaa alisema. "Nimechomelea. Hayatoki. Yakitoka, yatatoka vipande."

Mjomba alinyanyuka taratibu, magoti yakilia. Uso ulikuwa umemjaa damu. "Nimekulea nikakulisha kwa mkono huu, uje kunifanyia hivi mbele ya watu?" Akawageukia mafundi. "Lete grainda. Lete! Nitayakata mwenyewe. Yakipasuka tutayaziba, mkaguzi hatazami kwa darubini."

Hakuna aliyeleta, akaifuata mwenyewe. Diski iliwaka ikapiga yowe, na mzee akainama nayo kuelekea kwenye digadi.

Mke wa Kinyaa alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu karibu na ukuta tangu asubuhi, na kwa hasira zake Mjomba hakuwa amemwona. Alisimama, akaja hadi kwenye gurudumu, akaegemeza kiganja juu ya digadi. Alijigeuza vizuri, ubavu wa kushoto kwa Mjomba, uso ukiwa umetazama getini.

"Kata, mjomba," alisema. "Nimesimama hivi kwa sababu upande huu sioni kitu."

Grainda iliendelea kulia kidogo, kisha Mjomba akaachia swichi. Diski ilichukua muda kusimama. Alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kucheka naye, na hata Honi alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Ah, na nyinyi," Mjomba alisema. "Mtu hawezi kutania? Nilikuwa nawapima tu." Alitoa simu, akampigia yule muuza duka, kwa sauti ya juu kila mtu asikie. Aliagiza seti tatu, zile nzito, na zije leo leo. Alipokata simu alikuwa ameshajisamehe. Lilionekana hilo, mabega yalishamrudi. Alimfuata Kinyaa akitabasamu, akamnyooshea mkono.

"Yameisha, mwanangu. Lete mkono."

Kinyaa aliushika. Ulikuwa ule ule, mpana, wenye joto, vidole vifupi vinene. Aliushika kwa mikono miwili kama mtoto aliyefunzwa adabu, akainamisha kichwa. "Asante, mjomba," alisema.

Kisha akaenda kabatini, akafungua kufuli, akatoa kipande chake cha sabuni, akaelekea bombani. Alinawa viganja, akanawa katikati ya vidole, akanawa chini ya kucha. Safari hii hakuna aliyecheka. Mjomba alikuwa bado amesimama pale pale kando ya lori, anautazama mkono wake.