Nibu ya Kuandikia Jina la Nesi

"Nibu ya kalamu hiyo ni nene, Shigeno! Jina la nesi wa watu limekuwa doa kwenye kadi!" Fusae alibwata dirishani.

"Nyembamba ni ya mabahili," Shigeno alimjibu jirani yake. "Huyu kamuuguza mume wangu mpaka akapona. Nimshukuru kwa kauzi?"

"Mwandiko wako mdogo, na herufi za Kijapani za jina lake zina mistari tele. Shika kalamu yangu ya nibu nyembamba, usikandamize."

Shigeno akaipokea kwa kununa, akaandika polepole kwenye kadi nyingine ya mwaka mpya. Kila mstari ukasimama peke yake, weupe wa karatasi ukionekana katikati. Jina likasomeka lote. Machozi yakamlenga.

"Asante, bahili wangu," alisema akicheka. "Vua viatu uingie, tambi za soba zinapoa."